Kuku Aliyelalia Wigi ya Nyamoita

Nyamoita Machogu hufuma sweta za shule mjini Kisii, katika kibanda kilichobanana na duka la Pam, muuza vifuniko vya simu. Tangu asubuhi mashine yake hukwaruza huku na huko, naye huongea. Humweleza mteja habari za shingo ya sweta, kisha habari za mtoto aliyewahi kukwama ndani ya shingo kama hiyo, kisha ugomvi kati ya kwao na kwa kina huyo mtoto. Mteja aliyekuja kuchukua sweta moja tu huondoka amechelewa kupika.

Akichoka kuongea, huimba. Nyimbo ni zake mwenyewe, na hakuna aliyemtuma kuzitunga. Pam, mzaliwa wa Homa Bay, amezisikia zote kupitia ukuta wa mabati. Ndiye aliyelipeleka jina la Nyamoita kwa Jasper Odoyo bila kumwuliza mwenyewe.

Jasper hufanya kazi benki, na kila mwezi huwakusanya watunzi ghorofani, juu ya mkahawa mmoja. Hakuna spika wala maikrofoni. Mtunzi huketi kwenye kiti kirefu, akasimulia jinsi wimbo wake ulivyozaliwa, halafu akauimba kwa sauti yake tu, na gitaa kama analo.

"Pam, umeniuza," Nyamoita alisema jioni walipofika huko, akiwaona watu wameketi kimya kama wanaosubiri kuitwa na daktari.

"Tena kwa bei nzuri. Unaimba baada ya Jasper mwenyewe."

Jasper alifungua kwa kunong'ona. "Hapa hatupigi kelele, marafiki. Hapa tunasikiliza." Kisha akaimba juu ya ukungu wa asubuhi na mtu aliyepotea ndani yake. Wimbo ulikuwa mzuri. Ulikuwa pia mrefu. Watu walipoanza kugeuza vikombe kuona kama chai imebaki, ukungu ulikuwa bado haujaondoka.

Nyamoita akapanda kitini.

"Mimi nilienda kumtembelea nyanya yangu kule Nyaramba," akaanza. "Kwetu nyanya tunamwita Magokoro. Nilikuwa na wigi mpya. Nikaiosha, nikaianika juu ya mti wa chai. Kurudi, wigi haipo. Nikalaumu upepo. Nikalaumu mbwa. Nikamlaumu binamu yangu, na yeye ana upara, sijui nilifikiri ataipeleka wapi... kumbe ataipeleka hapo hapo kwa upara."

Watu wakacheka kidogo, kwa adabu.

"Juma lililofuata tukaikuta chini ya ghala. Upepo uliiangusha huko, na kuku mwekundu wa Magokoro akaona ameletewa kiota. Amekaa juu yake, macho mbele, kama bibi harusi. Nikainama niichukue. Magokoro akanishika sketi. 'Wewe! Huyo ameshalalia mayai.' Nikamwambia, 'Magokoro, hizo ni nywele zangu!' Akasema, 'Nywele unazo kichwani. Yeye hana pengine pa kulala.' Basi nikarudi kazini na kitambaa kichwani. Wateja wakadhani nimehama kanisa. Siku moja niko kwa mashine, namfikiria yule kuku, wimbo ukaja."

Akafumba macho. Akaimba polepole, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto:

*Mama kuku, nirudishie nywele zangu,*
*wanao nitawafumia kofia.*

Akafumbua macho, akashuka kitini.

"Dada, endelea," Jasper akamnong'oneza.

"Umeisha."

"Ubeti wa kwanza umeisha."

"Wimbo umeisha. Nimemwomba, nimemwahidi. Kuna nini kingine cha kumwambia kuku?"

Halafu Pam, aliyekuwa amejiziba mdomo kwa mkoba, akashindwa. Kicheko chake kikafungulia vya wengine, na hata mhudumu aliyebeba sinia akaliweka sakafuni ili acheke vizuri.

Mwalimu Ongeri, mstaafu aliyefundisha fasihi miaka mingi, akainua mkono. "Samahani, dada. Huyu kuku anawakilisha nini?"

"Hawakilishi kitu, mwalimu. Huyo ni kuku wa Magokoro."

"Lakini kwa undani?"

"Kwa undani alikuwa na mayai."

Mwalimu akaridhika kabisa. "Rudia!" akapaza sauti, na wengine wakamfuata. Nyamoita akarudia. Mara ya tatu Jasper akatafuta wimbo kwenye gitaa akaupata. Akina mama wa nyuma wakaongeza sauti ya pili, walivyozoea kwaya za makanisani. Wa kushoto wakawa wanaomba nywele, wa kulia wanaahidi kofia. Aliyepiga kelele ya "kofia!" kuliko wote alikuwa Jasper mwenyewe, hadi mwenye mkahawa akapanda ngazi kuona nani anapigana.

Walipotulia, mtu akauliza wigi iliishia wapi.

"Vifaranga walitoka wazima, Magokoro akaniita niichukue," Nyamoita akasema. Akagusa kichwa. "Si ndiyo hii?"

Watu wote wakasimama. Waliokuwa nyuma wakapanda viti.

"Nimeiosha mpaka nikachoka. Lakini mvua ikinyesha, inakumbuka."

Mwalimu Ongeri akaomba ruhusa ya kunusa. Alipewa. Akatikisa kichwa taratibu, akaanza, "Kwa undani..." kisha akaomba dirisha lifunguliwe kwanza ndipo amalize.

Wakishuka ngazi, Nyamoita alikuwa kimya, jambo lililomtisha Pam.

"Kwani vipi? Wamekupenda."

"Pam, ule wimbo ni wa huzuni. Nilitaka walie."

"Lakini nililia," Pam akasema, na kweli alikuwa bado anajifuta machozi.

Juma hilo watu walipita kibandani wakiulizia kofia za vifaranga. Nyamoita alidhani ni mzaha, mpaka mzee mmoja kutoka Nyamarambe akaja na kifaranga mfukoni wa kupimwa kichwa. Nyamoita akamfumia kifaranga ya bluu. Kifaranga aliitoa mara moja, mzee akaipenda vivyo hivyo.

Jasper naye alipiga simu kuomba wimbo mpya wa mwezi ujao.

"Ninao mmoja wa mbwa wa jirani," Nyamoita akajibu, mashine ikikwaruza nyuma yake. "Ila nipe muda niupunguze. Umefika mistari mitatu."