Paka Wangu Ametupwa Akienda kwa Daktari

Leo paka wangu ametupwa shambani akiwa njiani kwenda kwa daktari.

Ana jipu mguuni. Nilimtia kwenye kiroba chenye matundu, nikamkabidhi dereva wa bodaboda, nikamwambia, "Tunampeleka mjini." Kisha nikarudi ndani kuchukua kadi yake ya chanjo.

Nilipotoka, dereva alikuwa ameondoka.

Alirudi baada ya nusu saa, akitabasamu.

"Babu, nimekupunguzia safari. Nimemwacha Shirimatunda, kwenye mahindi. Harudi tena huyo!"

Ndugu zangu, nilipaswa kueleza. Huku kwetu paka akionekana kwenye kiroba, kila mtu anajua anakwenda kutupwa.

"Alikuwa anakwenda kwa daktari!"

"Paka ana daktari? Babu, si ungesema!"

Tumezunguka katika mahindi hayo saa mbili nzima, tukiita nyau, nyau, kwa umri wangu huu.

Hatimaye alitoka mferejini akichechemea. Mimi niliyemtia kirobani akanikwepa. Akaenda moja kwa moja kwa dereva, aliyemfungulia kiroba.

Kwa daktari tumefika, na jipu limepasuliwa. Dereva ndiye aliyemshika.

Wenzangu mnaofuga paka, mnawabeba kwenye nini? Nijibuni upesi. Ijumaa tunarudi kusafisha kidonda, na mpaka sasa hataki hata kunisogelea.