Mama aligawana dawa ya homa na ng'ombe wake, huko Moiben, enzi za masetla

Wakuu, hamjambo. Mimi ni mzee wa tisini na kitu na na-type mwenyewe. Haya yalitokea nyumbani kwetu, na kwa umri huu sina sababu ya kudanganya mtu.

Miaka ya hamsini nilirudi Moiben kutoka Uganda na diploma ya mifugo. Pale kwetu hakukuwa na mwingine. Karo niliitafuta mwenyewe, nikipalilia mahindi ya watu kila likizo. Acha nijisifu, nimestahili.

Nilimkuta mama anaumwa.

Jioni homa, usiku jasho mpaka blanketi linakamulika, asubuhi anaamka kama hana shida. Mgongo na magoti vinamuuma. Dawa ya malaria alikuwa amekunywa mpaka akachoka.

Ng'ombe wake, Samo, alikuwa ametupa mimba. Mama ndiye alimvuta yule ndama mfu, mikono mitupu. Na maziwa siku hizo hatukuchemsha. Yaliingia kwenye kibuyu yakawa mursik, maziwa yetu ya mgando.

Nikajua ni brucellosis, ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba ambao humpata na mtu kupitia maziwa mabichi au ndama mfu. Nikamwambia, "Mama, wewe na Samo mna ugonjwa mmoja."

Huko Eldoret daktari alikubaliana nami. Mama akadungwa streptomycin, akapewa na kapsuli za tetracycline amalizie nyumbani. Dawa yenyewe ilikuwa mpya, kuipata ilikuwa bahati.

Homa ikashuka. Jumapili tukatoa shukrani kanisani.

Kisha ikarudi, mbaya kuliko mwanzo. Hakuweza hata kusimama.

Wakuu, nilikaa kando ya kitanda chake. Kama dawa ile imeshindwa, nyingine ningeitoa wapi?

"Mama, zile kapsuli ulimaliza?"

"Tulimaliza."

"Wewe na nani?"

"Na Samo. Nilimwekea kwenye chumvi. Si ulisema tunaugua pamoja? Ama diploma imebadilisha maneno?"

Samo alikuwa wa uzao wa ng'ombe aliyekuja naye alipoolewa. Nikamweleza polepole kwamba kapsuli hizo haziponyi ng'ombe. Vijidudu hujificha kwenye kiwele na kuendelea kutoka na maziwa. Ng'ombe kama huyo huondolewa, yaani huchinjwa.

"Basi mniondoe na mimi," akasema, akageukia ukuta.

Daktari alitoa dozi upya. Mama akakataa kumeza. Kila jioni nilisikia kitanda kikitetemeka, nikawa naogopa jua likianza kushuka.

Siku moja mke wangu, mjamzito, akaingia kumwona akiwa na kikombe cha mursik ya maziwa ya Samo mkononi. Nilimnyang'anya kikamwagika.

"Mama, ndama wa Samo alikufa tumboni," nikasema. "Huyu wa tumboni naye unajua anakunywa nini?"

Mama aliliangalia lile tumbo muda mrefu.

"Nipeni maji ya kumezea," akasema. "Na Samo msimchinjie hapa nikisikia."

Tulimpeleka mbali, tukamchinja huko na kumzika bila mtu kuonja nyama. Mama alimeza dozi yote nikiwa nimesimama hapo, akapona. Lakini hofu yangu ilihamia kwa mke wangu, aliyekuwa ameshakunywa mursik ile, na haikuniacha mpaka niliposikia mtoto analia.

Nilichojifunza: homa ikishuka dozi haijaisha. Chemsha maziwa. Ng'ombe akitupa mimba, vaa glavu, uite daktari wa mifugo, na dawa ya mtu ibaki ya mtu.

Kwenu ng'ombe akitupa mimba, maziwa yake huwa mnayafanya nini? Niambieni ukweli, sitamcheka mtu.