Ziwa Ambalo Mama Hakulizunguka

Mama alikuja Saint Paul, huku Amerika, mwezi wa kumi na moja, mwanzoni mwa muongo uliopita, mtoto wangu wa kwanza akiwa bado mchanga kabisa. Kwa miezi yote ya baridi kali hakutembea zaidi ya kutoka kwenye kochi hadi jikoni. Huyu ni mwanamke ambaye kwetu Kenya alikuwa akienda kanisani kwa miguu, anapanda kilima na kushuka, na akifika huko anaanza kuwacheka waliokuja na pikipiki. Sasa alikuwa ameketi katika nyumba yetu ya kupanga katika mtaa wa Frogtown, soksi juu ya soksi, akiangalia theluji dirishani, miguu imevimba. Visa yake ilikuwa ya miezi sita. Niliikasirikia ile theluji kana kwamba kuna mtu aliyeileta makusudi.

Ilipoanza kuyeyuka, mwezi wa nne, Mama alijitangaza kuwa daktari wa nyumba. Alifungua madirisha asubuhi, mume wangu akalalamika kwamba joto linatoka nje, Mama akamwambia avae sweta. Alininywesha maji moto yenye tangawizi kabla ya chai, kisha uji wa wimbi, ambao unga wake tulinunua duka la Waafrika pale University Avenue. Jua likifika kwenye zulia la sebuleni alitandika leso, tukakaa hapo miguu wazi, tukapakana mafuta magotini na kwenye vifundo, mtoto katikati yetu akipiga mateke. Alisema mwanamke aliyezaa wakati wa baridi hutolewa nje polepole, bila papara. Nilicheka, lakini mgongo uliokuwa ukinisumbua tangu nijifungue ulianza kulegea.

Kilichobaki kilikuwa kutembea. Nilimweleza kwamba ukipanda na barabara ya Lexington, ukavuka daraja la reli, utafika Ziwa Como, na kuna njia ya miguu inayolizunguka lote. Basi akalitamani hilo ziwa. Alitaka kulizunguka kwa miguu yake kabla ya kurudi nyumbani, jambo moja tu la Amerika ambalo angelifanya mwenyewe bila kupelekwa na mtu.

Mimi nilikuwa nimewasahau watu wetu.

Siku ya kwanza hatukufika hata darajani. Gari lilisimama, Mkenya mmoja akashusha kioo. "Mum, mbona mnatembea? Gari imekataa? Ingieni niwadrop." Mama akaingia. Siku ya pili alikuwa mama Mkongomani tusiyemjua. Alitutambua kwa leso aliyojifunga Mama kichwani. "Mama, gari iko panne?" akauliza, yaani limeharibika. "Mupande, tuko na nafasi." Nafasi yenyewe haikuwepo, lakini watoto wake wakabanana nyuma bila kuinua macho kutoka kwenye simu, na Mama akaingia. Ikawa ndio mtindo. Kwetu sote, mtu mzima anayetembea kando ya barabara kwenye baridi ana shida, na ukimpita bila kusimama moyo utakusuta hadi jioni. Naye aliyesimamishiwa gari hakatai, hasa mtu wa umri wa Mama. Angeonekana ana maringo.

Nilimshauri awaambie tunafanya mazoezi. Alinitazama kwa huruma. "Nimwambie mtu mzima mwenzangu kwamba natembea bure?" Na kusema kweli, kwa ile sketi ndefu na viatu vya kanisani, hata mimi nisingemwamini.

Hivyo wiki zikaisha tukipelekwa. Tulipelekwa madukani ambako hatukuwa na la kununua, tukarudishwa nyumbani tulikotoka muda si mrefu. Wazungu walitupita wakikimbia na kaptura, na hakuna aliyewaonea huruma.

Jumamosi ya mwisho kabla ya safari yake tulimwachia mume wangu mtoto, tukatoka mapema barabara ikiwa tupu. Tukavuka daraja, tukafika. Barafu ilikuwa imekwisha, mabata bukini wamejaa kwenye nyasi wakichafua kila mahali, na Mama akawakemea kwa lugha yetu kama kuku wa jirani. Alitembea mbele yangu, haraka, mikono nyuma. Alinionyesha miti ng'ambo ya ziwa akasema tukifika pale tutapumzika.

Njia hapo inaambatana na barabara. Gari likatupita, likapunguza mwendo, likageuka na kurudi. Alikuwa dada mmoja wa kanisa letu, muuguzi, anatoka zamu ya usiku na sare ya kazi bado mwilini, macho mekundu. "Aki Mum, na hii baridi," akasema, na tayari alikuwa ameshuka kumfungulia mlango. Mama akaiangalia ile miti. Kisha akamwangalia yule binti ambaye hakuwa amelala, na aliyegeuza gari kwa ajili yake. Akaingia, akamshukuru, akamwombea baraka njia nzima. Nilikaa kiti cha nyuma nikitaka kulia, na sikuwa na wa kumlaumu. Nyumbani Mama alivua viatu akasema mwaka ujao atalimaliza.

Mwaka ujao haukuja. Alinyimwa visa, akaomba tena, akanyimwa tena, kisha magoti yakaharibika na sasa anatembea uani kwa mkongojo. Nimepoteza mambo makubwa kuliko lile, lakini ninalijutia lile zaidi, kwa sababu lilikuwa dogo na lilikuwa mbele yetu.

Muongo ulipokuwa ukielekea mwisho, wanawake wa kanisa letu wakaanza kwenda ziwani kila theluji ikiisha, kwa vikundi, wamevaa trakisuti na raba, na yule muuguzi ni mmoja wetu. Magari ya watu wetu hupiga honi na kupita. Mama alikuja mapema mno, basi.

Siku moja nilimpigia simu ya video nikiwa pale. Aliuliza kama kuna aliyetusimamishia gari. Nikamwambia hakuna. Akaniomba nimwonyeshe ule upande wa miti. Nilitembea nimeinua simu, wenzangu wakinisubiri, nikafika, nikamgeuzia. Alitazama kwa muda.

"Kumbe palikuwa karibu," akasema.