Adeer Amekataa Kuniozesha kwa Sababu ya Uwanja wa Wasichana

Admin, nifichie jina na mji pia, ingawa watu wa kwetu wakisoma watanijua tu. Wacha wanijue.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kaunti ya Wajir, nina miaka ishirini na saba. Baba alifariki nikiwa mdogo. Aliyenilea na kunisomesha ni adeer, kaka mkubwa wa baba, mzee anayesikilizwa sana katika ukoo wetu. Ndiye walii wangu, mwenye haki ya kuniozesha, na nikaha yangu na kijana ninayempenda ilikuwa ifungwe baada ya Ramadhani. Sasa amekataa kuniozesha, na chanzo ni bajeti.

Msicheke. Kila mwaka kaunti huwaleta maofisa kutuuliza wananchi pesa za wadi zifanye nini. Lakini kwetu bajeti haipangwi ukumbini. Wazee hukaa kwanza kwa chai ya maziwa ya ngamia, kila ukoo ukapata fungu lake, hawa kisima, wale barabara. Siku ya mkutano mzee mmoja anausemea ukoo, wengine tunaitikia, tunakula pilau, tunarudi nyumbani.

Mwaka huu kwenye rasimu ya kaunti fungu letu lilikuwa uwanja wa michezo wa wasichana, tena wenye ukuta. Nimeulilia ukuta huo tangu nianze kazi. Mabinti wangu wanacheza voliboli mahali pa wazi kando ya barabara, na madereva wa malori ya mifugo wanasimama kuwarekodi kwa simu. Wazazi wameanza kuwatoa mmoja mmoja. Mchezaji wangu bora siku hizi anashinda ndani akiosha vyombo.

Adeer akasimama mbele ya maofisa, na Kiswahili chake kinachogeuza "p" kuwa "b". "Hii uwanja ya wasichana, sisi tumekubaliana iondoke. Hiyo besa iende ukuta ya soko ya mbuzi. Bingamizi hakuna."

Nikasimama nyuma, upande wa wanawake. "Pingamizi lipo. Ukuta ni ule ule, wazee wangu. Mbuzi wazungushiwe kabla ya mabinti zenu?"

"Nani alikubatia ruhusa ya kuongelea ukoo?" adeer akauliza.

"Sikuusemea ukoo, adeer. Nimewasemea wasichana."

Mama mmoja akasema, "Wallahi ni kweli!" na wenzake wakamfuata kwa sauti. Maofisa wakaahirisha jambo hilo hadi kikao cha wiki ijayo.

Jioni hiyo adeer alimwita mama. Akasema nimemvua nguo mbele ya koo nyingine, eti wao wamepata mafungu yao kwa heshima, sisi tumeonekana hatuna mkubwa. Nisimame kikao kijacho niseme nilikosea, la sivyo yeye hatashika mkono wa bwana harusi. Mama analia kutwa. Mchumba wangu naye ananibembeleza kwa kuniita dada kwa Kisomali: "Abaayo, sema tu, hayo ni maneno." Nilimjibu kwamba kama maneno ni mepesi hivyo, basi aende akamwombe adeer ameze ya kwake.

Adeer nampenda, na nasema hivyo bila aibu. Aliuza ngamia wake nisomee ualimu, wakati watu wakimcheka kwamba anasomesha mke wa mtu mwingine. Nimeumia. Lakini ualimu wenyewe ni huu, na siwezi kuwafundisha wasichana kusimama kisha mimi niketi.

Mwalimu mwenzangu anasema walii akikataa bila sababu ya kidini, kadhi anaweza kuniozesha. Lakini nitaanzaje kumshtaki kwa kadhi mtu aliyenibeba mgongoni siku tuliyomzika baba? Ndugu zangu wenye kujua dini na wenye kujua watu, niambieni: niende kwa kadhi, au nimsubiri adeer hata ikiwa miaka? Nishaurini hilo la ndoa tu. La uwanja sikuuliza. Wiki ijayo nitasimama tena.