Gazeti la Bi Impi

Mimi ni mpeleka barua wa mji wa Kivela, na naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba sipeleki umbea. Haya ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu, na sehemu moja niliifanya mwenyewe. Hiyo ndiyo inayoniuma.

Bi Impi Kauppila alikuwa na miaka sabini na sita msimu ule. Alipika katika jiko la chuo miaka thelathini na mmoja, akastaafu, akabakiwa na mambo mawili tu ya kumtoa nyumbani: kanisa na hoki ya kwenye barafu. Kanisa aliweza kulikosa. Kiti chake uwanjani kilikuwa safu ya kwanza, nyuma ya kioo, karibu na goli letu, na mama yake ndiye aliyekishika mwaka uwanja ulipofunguliwa. Mimi nilikaa kando yake miaka ishirini na saba.

Macho yake yalikuwa yanakufa. Daktari alimwambia katikati ya jicho pamekwisha na hapatarudi, na kila kilichokuwa mbali kilikuwa ukungu mtupu. Lakini kutoka kwenye kiti kile, vijana wakija kugongana mbele ya kioo, aliziona namba zao. Alikiona kile kisahani cheusi wanachokigombea kikiteleza kwenye barafu nyeupe.

"Nikirudi nyuma safu tatu tu mimi ni kipofu, Marlys," aliniambia. "Hapa bado ni mtu wa hoki."

Sasa, sisi Kivela tuna desturi yetu. Wachezaji wa timu ngeni wakianza kutangazwa, uwanja mzima hufungua magazeti na kujifunika nyuso. Hatuwaoni, hatuna habari nao, tunasoma bei ya mbao. Jina la mwisho likishatajwa, tunayakunja, tunayatupa chini ya viti, na kazi inaanza. Timu yetu hatujawahi kuifanyia hivyo, hata msimu ule tuliofungwa mechi kumi na nne mfululizo.

Kocha wa timu yetu ya chuo siku zile zote alikuwa Wendell Saari. Miaka ishirini na miwili! Mwezi Machi wakamfukuza. Alikuwa ziwani anavua samaki, amekaa kwenye kibanda chake juu ya barafu, ameshusha ndoano tunduni, mara simu ikalia. Mkurugenzi wa michezo wa chuo, Bwana Prescott Gaines, ambaye alikuwa na miezi minane tu mjini, alimwambia kwa simu hiyo hiyo kwamba asirudi. Wendell alipofika ofisini ufunguo haukuingia kitasani. Vitu vyake vilikuwa kwenye maboksi, ukumbini, watu wanaviruka.

Kesho yake duka la mikate liligeuka bunge.

"Afadhali!" alisema Reino, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. "Miaka mitatu tunapigwa kama ngoma. Mlitaka azeekee pale?"

"Kufukuzwa afukuzwe," Bi Impi alimjibu, huku akichovya mkate wake wa iliki kwenye kahawa. "Ila mtu haambiwi kwa simu, samaki mkononi. Wewe Reino, mkeo alikuacha kwa simu?"

"Aah, Bi Impi! Alikuja mwenyewe."

"Unaona? Hata yule alikuwa na adabu."

Tulicheka mpaka Reino naye akacheka. Lakini Bi Impi hakuwa anatania. Alitaka jambo moja tu, nalo dogo: Gaines asimame mbele ya watu amshukuru Wendell kwa jina. Aliniambia maneno, nikamwandikia barua mbili, nikazipeleka kwa mkono wangu mpaka mezani kwa katibu wake. Majibu hakuna. Sijui huyo bwana alilelewa wapi.

Oktoba ikafika, tukasikia kwamba kwenye mechi ya ufunguzi Gaines mwenyewe atashika kipaza sauti amtambulishe kocha mpya.

"Basi tutamfungulia magazeti," alisema Bi Impi.

"Kocha mpya?" nikashtuka.

"Kijana wa watu amekosa nini? Yeye tutampigia makofi. Magazeti ni ya Gaines."

Habari ilienea mji mzima kabla sijamaliza kugawa barua za asubuhi ile. Duane, mhariri wa gazeti letu la kila Jumatano, alichapisha picha ya Wendell ukurasa wa mbele wote, bila neno hata moja. Ukilifungua na kujifunika uso, ni Wendell anayetazama uwanjani. Watu walinunua mpaka yakaisha.

Gaines naye hakulala. Alimwandikia kila mwenye tiketi ya msimu: atakayevuruga sherehe atanyang'anywa kiti chake. Barua hizo nilizigawa mimi, nyumba kwa nyumba, na kila mlango niliofika nilikuta mtu anayemtukana Gaines. Bi Impi aliisikiliza yake mpaka mwisho, akaniomba nimkunjie gazeti lake vizuri lisije likachanika.

"Bi Impi, hicho kiti ndiyo macho yako," nilimwambia. "Wakikuhamisha umekwisha."

"Najua kilipo, na najua nitakachokosa. Mama yangu hakukishika ili mimi nikae pale nimeufyata."

Jumamosi uwanja ulijaa hadi kwenye ngazi. Kila paja lilikuwa na gazeti. Wakatandika zulia jekundu juu ya barafu, Gaines akatoka na koti lake refu na viatu vya kung'aa, akagonga kipaza sauti kwa kidole. Uwanja ukanyamaza kabisa. Sijawahi kuusikia ukiwa kimya vile.

Bi Impi akasimama. Akafungua gazeti lake, chwaaa, akajifunika uso.

Sasa nitasema. Mikono yangu haikwenda. Nilikuwa na gazeti, nilikuwa na nia, wiki nzima nilikuwa nimempigia kelele kila mtu kwamba Kivela si mji wa waoga. Nilijiambia nitainua wakifika watano. Walipofika watano nikajiambia wakifika ishirini. Wanafunzi waliokaa ng'ambo ya uwanja waliinua. Reino, yule yule wa afadhali, aliinua. Walikuwa kama arobaini hivi. Sisi wengine, mamia, tulikuwa tunatazama viatu vyetu kama tumeambiwa tuvihesabu. Bi Impi alikuwa nyuma ya karatasi yake, haoni nani yuko naye na nani hayuko, na nilimshukuru Mungu kwa hilo. Aibu gani!

Gaines aliharakisha maneno, sauti ikampanda. Kocha mpya alipotoka Bi Impi alilikunja gazeti, akapiga makofi kwa nguvu kuliko wote, na kijana akamwinulia mkono. Tulishinda mbili kwa moja. Sikumbuki magoli.

Alhamisi iliyofuata, begi langu lilikuwa na barua arobaini na moja za chuo. Nilizipanga kwa mitaa. Jina langu halikuwamo.

Bi Impi alinifungulia mlango, akanikalisha jikoni, akanipa kahawa, akasema, "Haya, isome." Nikaisoma. Kiti chake kimechukuliwa. Kwa kuheshimu miaka yake mingi, chuo kimempa kingine, safu ya juu kabisa, chini ya mabomba.

"Wamenipandisha cheo," alisema. Akakisukuma kikombe chake pembeni. Baadaye akauliza, "Na yako inasemaje?"

Ningeweza kumdanganya. Asingeweza kuisoma.

"Mimi sina barua, Bi Impi. Sikuinua."

"Nilikuwa najua."

"Ulijuaje? Ulikuwa umejifunika!"

"Nimekaa na wewe miaka ishirini na saba, mwanangu. Wewe ukifungua gazeti unalikung'uta kama shuka. Nilingoja niusikie mlio huo ubavuni mwangu. Sikuusikia."

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliniongezea kahawa, akaanza kunieleza habari za goti lake.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nikakaa kwenye kiti changu, kizuri, nyuma ya kioo. Cha kando yangu kilikuwa kitupu. Wamekitangaza mji mzima, hakuna aliyekitaka. Hata Duane alisema hawezi kukaa kwenye kiti kile hata wakimlipa. Tulipofunga goli la kwanza niligeuka kumtafuta Bi Impi kule juu. Watu wote walikuwa wamesimama, wanapiga kelele. Yeye alikuwa amekaa, amegeuza uso huku na huku, anatafuta. Alianza kupiga makofi wakati wenzake wameshaacha.

Basi nikachukua koti langu nikapanda. Nilikaa upande wake wa kulia, na wala sikuomba radhi, sikujua ningeiombaje.

"Nani huyo?"

"Mimi. Namba tisa ana kisahani, anazunguka nyuma ya goli lao. Amempasia kumi na saba. Kumi na saba mjinga, kapiga kioo."

"Kumi na saba hajawahi kupiga penginepo," alisema, akasogea karibu ili anisikie.

Nilimsimulia mpaka kipindi cha pili kati ya vitatu kikaisha, koo likakauka. Mapumziko ya pili wakatandika tena lile zulia. Bi Impi alisikia kelele zikipungua.

"Kuna nini?"

"Gaines. Anatoa zawadi, ana kipaza sauti."

Gazeti langu lile lile nilikuwa nalo. Nilikuwa nimetembea nalo wiki nzima chini ya begi la barua, limelowa theluji likakauka. Nikasimama, nikalifungua, nikalikung'uta kama shuka. Kule juu chini ya mabomba sauti inakwenda mbali. Bwana Gaines aliacha kusema katikati ya sentensi, akainua kichwa, na mimi nikatokeza macho yangu juu ya karatasi ili anijue vizuri ni nani. Marlys Tervo, mpeleka barua, kiti namba mbili safu ya kwanza. Aandike!

"Hiyo nimeisikia," alisema Bi Impi.

Mlinzi wa mlangoni akaanza kupanda kutufuata. Ngazi ni hamsini na mbili, naye ni mnene. Bi Impi alisimama, akapapasa mpaka akaishika pembe ya gazeti iliyokuwa upande wake.

"Livute sawasawa, mwanangu," alisema. "Wendell asije akakunjamana."