Nafasi ya Apiyo kwenye Duara

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika katika shule moja ya msingi karibu na Macalder nikiwa na filimbi mpya shingoni na kiburi cha mtu aliyemaliza chuo juzi. Nilipewa somo la michezo kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Mwalimu mkuu, mzee mrefu aliyevaa suti hata kwenye jua la Nyatike, alinionyesha uwanja kwa kidole. "Madam, watoto ndio hao," akasema. "Wasiumie tu." Kisha akarudi zake ofisini.

Ninyi walimu vijana mna koni za plastiki na vitabu vya mwongozo. Sisi tulikuwa na wanafunzi wakubwa. Mwalimu mmoja hawezi kuchezesha shule nzima, kwa hiyo tuliwafundisha wa darasa la saba wawaongoze wadogo. Walianza na kupasha mwili moto, yaani kuruka na kunyoosha viungo kabla ya mchezo wenyewe, kisha kamba au mbio za kupokezana vijiti. Mwishoni lilikuja duara la kutuliza mwili: watoto hushikana mikono, husimama mahali pamoja na kuyumba polepole wakiimba, mpaka pumzi irudi. Kiongozi mzuri hapigi kelele. Anaonyesha, anangoja, na jicho lake haliachi yule mdogo kuliko wote.

Kiongozi bora niliyewahi kuwa naye nilimkuta hapo hapo. Aliitwa Achieng, msichana mkimya, na wadogo walimfuata kama vifaranga. Siku hiyo ya kwanza alipanga duara nikaona lina pengo, upande wa ua wa mkonge. Watoto wawili waliopakana na pengo walikuwa wamenyoosha mikono kuelekeana bila kufikiana, vidole vimekunjwa, kama wameshika mkono wa mtu.

"Mbona hamjafunga duara?" nikamuuliza.

"Imefungwa, madam. Hapo ni kwa Apiyo."

Apiyo alikuwa mwanafunzi wa miaka ya nyuma. Siku moja alitoka kwenye duara, hapo hapo aliposimama, akaenda kumsaidia mamake kwenye mashimo ya dhahabu. Shimo likaporomoka. Mama alitolewa, mtoto hakupatikana. Viongozi wa mwaka ule wakamwekea nafasi yake, na walipomaliza shule wakawaachia wenzao kazi ya kuitunza. Hakuna mwalimu aliyewaagiza. Mimi ni mtu wa kanisa, na habari hiyo ilinikasirisha. Hata hivyo sikuligusa lile pengo, wala sikupenda kupita upande ule wa ua jua likianza kushuka.

Tukaishi hivyo mpaka msimu wa mvua, tulipoambiwa kwamba afisa wa elimu anakuja kutazama michezo yetu. Asubuhi hiyo mwalimu mkuu akashuka uwanjani kukagua mazoezi.

"Hii ni nini? Duara iko na mlango?"

"Mwalimu, tuwaache," nikasema. "Ni desturi yao."

"Desturi! Afisa atasema watoto wetu hawajui hata kushikana mikono. Achieng, weka mtoto hapo."

Achieng akatikisa kichwa. Sikuwahi kumwona akikataa neno la mkubwa. "Nifukuze tu, mwalimu. Siwezi weka mtoto hapo."

Mwalimu mkuu akamshika mkono mtoto mdogo kuliko wote, Akoth, mgeni aliyehamia wiki ile kutoka Sori na ambaye hakuwa amesikia lolote juu ya Apiyo. Akamsimamisha katikati ya pengo, akaamuru wimbo uanze. Wakaimba. Nikaona jambo ambalo linanisumbua mpaka leo. Wale wawili wa pembeni hawakushika mikono ya Akoth. Mikono yao ilibaki juu ya kichwa chake, vidole vimekunjwa, kama wamemshika mtu mrefu kumshinda. Achieng alikuwa akilia bila sauti. Akoth akageuka, akainua uso, akatazama nyuma yake kwa muda mrefu. Kisha akatoka mwenyewe, akaja kunishika sketi.

"Madam," akasema, "hapa iko mtu."

Mwalimu mkuu akacheka. Alikuwa bado anacheka, amenyoosha mkono amrudishe, ardhi ilipoingia ndani. Hapakuwa na kishindo. Pale pa Apiyo palizama tu, nyasi na udongo, na mkonge mmoja ukafuata. Kumbe chini yetu kulikuwa na njia ya wachimbaji wa zamani, na mvua ilikuwa imeilainisha. Wale watoto wawili walirudi nyuma kidogo, mikono yao bado imenyooshwa juu ya shimo, na wimbo haukukatika mpaka Achieng alipowanyamazisha. Nilimbeba Akoth mpaka darasani, sikutaka kumweka chini.

Wazazi walilijaza shimo mawe, uwanja ukahamishiwa ng'ambo ya barabara. Mwalimu mkuu hakuwahi kulizungumza jambo lile. Lakini duara la kwanza lilipopangwa uwanja mpya, alikuja bila koti, akachora alama ardhini kwa ncha ya kiatu chake, akamwambia Achieng, "Hapa ni pake."

Baadaye nilihamishiwa Sori, chini ya mkuu aliyeamini kwamba michezo ni kandanda basi, kisha Kendu Bay, ambako naibu wa mkuu alikuwa mama mpole aliyeniruhusu nifanye nitakavyo. Kila mahali niliwafundisha viongozi wangu kuacha nafasi moja. Jina sikulitaja. Waliponiuliza ni ya nani, niliwaambia ni ya mtu wetu, wakaridhika.

Nimestaafu. Juzi nilialikwa Kendu Bay kwenye siku ya michezo, nikaketi na wageni. Siku hizi ni gredi, si darasa, lakini duara ni lile lile, na pengo lipo. Nilimwita mtoto mmoja aliyepakana nalo.

"Hapo ni kwa nani, nyathina, mwanangu?"

"Kwa madam."

"Madam yupi?"

"Yule wa kitambo. Alienda."

"Alienda wapi?"

Akainua mabega, akarudi mbio mahali pake, akanyoosha mkono wake mdogo na kukunja vidole. Kiongozi wao akaanzisha wimbo. Mimi nikaficha mikono chini ya leso niliyojifunga, kwa sababu mmoja ulikuwa umeshikwa na vidole vidogo nisivyoviona.