Tepu za Dada Dorina

Mwanangu, umeniambia kompyuta yako kuukuu imejaa nakala za akiba, zile inazojihifadhia yenyewe kila mara, na sasa unataka kuzifuta zote upate nafasi. Subiri kidogo. Kuna asubuhi moja ya miaka ya sitini ambayo haijanitoka akilini, nilipokuwa mwalimu kijana wa kwaya huku Kosele.

Tulikuwa na Dada Dorina wa kanisa letu, aliyezunguka kutoka Oyugis hadi Migori na mashine ya kurekodi, akinasa sauti za wazee na nyimbo zao. Mama yule alikuwa na moyo! Kila wimbo aliutolea nakala, na nakala nyingine tena, mpaka kabati la kanisa likajaa. Tepu mpya nazo zilikuwa zimeadimika.

Asubuhi hiyo Mzee Ogola aliletwa na binti yake, Atieno, amekumbatia nyatiti yake, ile ala ya nyuzi nane, kifua kikimbana.

"Nimekuja kuimba wimbo wa baba yangu," mzee alisema. "Sijui kama nitaweza kurudi."

Hatukuwa na tepu tupu hata moja.

"Chukua yoyote hapo, Dorina," katekista wetu akahimiza. "Si zote ni marudio? Mzee anachoka."

"Mpeni uji kwanza," Dorina akajibu. "Mimi sifuti kitu ambacho sijakisikiliza."

Akachagua wimbo mmoja wa harusi, akaweka mashineni nakala yake mpya kabisa. Mimi ningeiamini hiyo na kufuta ya zamani. Kumbe katikati wimbo ulikatika, ukabaki mvumo mtupu. Waya ulikuwa umelegea wakati wa kunakili. Akaweka ile ya zamani. Sauti safi, mwanzo hadi mwisho! Basi akaitunza hiyo, na juu ya ile iliyoharibika akamrekodi Mzee Ogola, aliyeimba akikohoa, akapumzika, akaimba tena.

Jioni Dorina alisikiliza tepu nyingine ya marudio, akanakili juu yake wimbo wa mzee, akampelekea dada yake Migori. Nilimwona anajisumbua bure.

Mzee alifariki kabla ya mavuno. Mwaka uliofuata upepo uling'oa paa la kanisa, mvua ikaharibu kila kitu kabatini. Atieno alipokuja kuulizia sauti ya baba yake, ilibidi iletwe kutoka Migori. Alisikiliza ameinama, kisha akacheka huku machozi yakimtoka. "Hapo ndipo alipokohoa," akasema.

Kwa hiyo, mwanangu, punguza, lakini usizifagie zote. Ifungue kila nakala uione inafanya kazi, ndipo ufute zilizoharibika na zile zinazorudia. Bakiza ya karibuni iliyo nzima, na moja ya nyuma yake. Nyingine iweke nje ya kompyuta hiyo, tena nje ya nyumba hiyo. Halafu iambie mashine isihifadhi kupita kiasi ulichoipangia.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kutunza, na mzito wa kufuta. Wanao wakutafutapo, wakupate.